Mary Celeste: meli iliyopandishwa mwamba kwa makusudi

Ndugu wasikilizaji, anayeijua Mary Celeste huijua kwa siku moja: Desemba 4, 1872, ilipokutwa baharini kati ya visiwa vya Azores na Ureno bila mtu ndani. Lakini meli hii iliishi miaka 12 zaidi, na mwisho wake hauna fumbo lolote.

Iliundwa kwa mbao huko Spencer's Island, Nova Scotia, ambayo leo ni sehemu ya Kanada, ikashushwa majini 1861 kwa jina la Amazon. Ilikuwa na milingoti miwili. Wa mbele ulibeba matanga ya mraba yaliyofungwa kwenye foromali, yaani boriti za kukingama mlingoti. Mwaka 1872 iliongezwa sitaha ya pili, ujazo ukatoka tani 198 hadi 282.

Sasa tutazame bomba la ngamani, yaani la kuvuta maji yanayokusanyika chini kabisa ya meli, maana watu hulipita haraka. Chombo cha mbao hakikosi kuvuja. Baharia hushusha kijiti cha kupimia kwenye bomba, akasoma kina cha maji, kisha wakayavuta. Waliopanda Mary Celeste siku ile ilipokutwa walikuta maji futi tatu na nusu, bomba moja limefunguliwa vipande, kijiti kimeachwa sitahani, mashua haipo. Maji kiasi hicho hayaizamishi meli ya ukubwa ule. Ila bomba likiziba, kipimo hakiaminiki tena, na nahodha Benjamin Briggs alikuwa na mkewe na binti yao wa miaka miwili. Chini yao palikuwa na mapipa 1,701 ya alkoholi. Hofu ya kuzama, pengine na ya mvuke wa alkoholi, naiona inatosha kueleza kwa nini waliiacha meli.

Baada ya hapo ilibadilisha wamiliki, ikiwatia hasara. Mwishoni mwa 1884 nahodha Gilman Parker alitoka Boston kwenda Port-au-Prince, Haiti, na shehena iliyokatiwa bima ya dola 30,000. Januari 3, 1885 akaipandisha kwenye matumbawe ya Rochelois, karibu na kisiwa cha Gonâve. Mwamba huo ulikuwa kwenye ramani, na ulipasua sehemu yote ya chini. Parker akamuuzia konseli, yaani mwakilishi wa serikali ya Marekani huko, mabaki ya shehena kwa dola 500. Konseli alipofungua mzigo, akakuta takribani takataka tupu, akatoa taarifa.

Kuangamiza meli kwa makusudi kulikuwa na adhabu ya kifo. Parker na wenye shehena wakashtakiwa huko Boston, lakini baraza la mahakama, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, halikukubaliana. Washtakiwa wakafuta madai yao ya bima na kurudisha walichokwisha kupokea. Parker akaachiwa, akafa maskini baada ya miezi mitatu.