Jibu Lililotangulia Swali: Jinsi Mwili Unavyomtambua Mgeni

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Kabla sijaanza, naomba kila mmoja apeleke vidole viwili chini ya taya, pembeni karibu na koo, abonyeze taratibu. Wengine mtagusa kitu kidogo kama ushanga, kinateleza chini ya ngozi. Wengine hamtagusa chochote, na hilo pia ni sawa. Hizo ni tezi za limfu. Kila mtu anazo mamia: shingoni, kwapani, kinenani, tumboni. Zikivimba tunasema mtu ametokwa na mitoki.

Mwezi uliopita nilikuwa nang'oa magugu mikono mitupu, mwiba ukanichoma kidole cha shahada. Nikauchomoa, nikadhani yameisha. Usiku kidole kikawa chekundu, kikavimba, kikawa kinapwita. Siku ya tatu nikasikia uvimbe kwapani. Sasa, kwapa halikuchomwa na kitu. Nani alipeleka habari kule?

Mwiba uliingia na bakteria. Chini ya ngozi wakakutana na makrofaji, seli kubwa zenye kazi ya kumeza. Seli hizi hazimjui bakteria huyu kwa jina. Zinajua alama za jumla tu, kwa mfano vitu vya ukuta wa bakteria ambavyo mwili wetu hautengenezi hata kidogo. Zikigusa alama hizo humwaga kemikali, mishipa midogo ya damu ikatanuka, seli nyeupe nyingine zikamiminika. Wekundu, joto, maumivu na usaha ni kazi ya zamu hiyo ya kwanza. Sitakaa sana hapo, kwa sababu mpeleka habari ni mwingine.

Anaitwa seli ya dendriti, jina lililotokana na neno la Kigiriki la mti, maana seli yenyewe ina matawi. Ralph Steinman na Zanvil Cohn waliieleza mwaka 1973, New York. Seli hii humeza kipande cha mgeni, huacha makazi yake ngozini, hushika mkondo wa limfu, yaani majimaji yanayotiririka kutoka kwenye nyama za mwili, mpaka kwenye tezi iliyo njiani. Kutoka kidole cha shahada, tezi hiyo iko kwapani. Inafika pale imebeba vipande vya mgeni juu ya utando wake, inavionyesha. Kitu kinachoonyeshwa, kinachoweza kutambuliwa na kuamsha kinga, ndicho tunachokiita antijeni.

Wanaoonyeshwa ni limfosaiti, seli nyeupe za aina mbili, seli B na seli T, zinazopita kwenye tezi mchana na usiku. Kila moja imevaa vipokezi, yaani protini za kushikia, maelfu kwa maelfu, vyote vya umbo moja. Jirani yake amevaa vya umbo jingine. Kwa antijeni fulani, katika seli laki moja pengine ni moja tu inayoshikana nayo, na mara nyingi ni chache kuliko hapo. Nyingine zote zinapita, antijeni hiyo haizihusu.

Hapa naomba tutulie. Hicho kipokezi kinachoshikana na antijeni kilitoka wapi?

Karl Landsteiner, yuleyule aliyegundua makundi ya damu, alifanya jambo lililowasumbua wataalamu kwa miaka mingi. Alichukua kemikali zilizotengenezwa maabara, akazipachika kwenye protini, akawachoma wanyama. Wanyama wakatoa antibodi, yaani vipokezi vya seli B vinavyoachiliwa kuelea kwenye damu, zinazoitofautisha kila kemikali na nyingine, hata pale tofauti ilipokuwa ni kikundi kidogo cha atomi kuhama nafasi. Kemikali ambazo viumbe hawakuwahi kukutana nazo! Mwili ungejifunza wapi kitu kama hicho?

Mwaka 1940 mkemia Linus Pauling alitoa jibu lililoonekana la busara: antijeni ni kalibu. Antibodi ni uzi laini wa protini unaojikunja juu ya antijeni, ukachukua umbo lake. Kwa maneno mengine, mwili ni fundi cherehani: mteja anaingia, anapimwa, ndipo kitambaa kinakatwa. Wengi walikubali. Lakini haikuwa hivyo. Kalibu haielezi kwa nini mara ya pili mwili hujibu upesi zaidi na kwa nguvu zaidi, wala haielezi antibodi zinazoendelea kutoka miaka mingi baada ya antijeni kuondoka.

Mwaka 1957, Macfarlane Burnet wa Australia akaigeuza hoja. Akasema nguo zote zimekwisha kushonwa na zimetundikwa, kabla mteja hajazaliwa. Anapoingia, moja inamkaa, na hiyo inayomkaa ndiyo inayorudufiwa maelfu kwa maelfu. Antijeni haifundishi, inachagua. Nakiri kwamba kila ninapolieleza jambo hili nasisimka upya, kwa sababu tumezoea kusema kwamba mwili "humsoma adui", kumbe jibu lilikuwepo kabla ya swali.

Ikabaki hesabu ngumu. Binadamu ana jeni za protini kama 20,000 tu. Zitatoaje mamilioni ya vipokezi? Susumu Tonegawa, akifanya kazi Basel, Uswisi, alilifumbua fumbo hilo mwaka 1976. Alilinganisha DNA ya kijusi cha panya na ile ya seli inayotengeneza antibodi. Vipande vilivyokuwa mbalimbali kwenye kijusi, kwenye ile seli vilikuwa vimesogezwa karibu. Seli B inapokomaa hukata DNA yake yenyewe, ikachukua kipande hapa na kipande kule, ikaviunga, na penye kiungo huongezwa au hupunguzwa herufi za DNA kwa bahati nasibu. Seli T nazo hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana hata mapacha wa kufanana hawana hazina moja ya vipokezi.

Bahati nasibu ina gharama. Ukishona nguo za kila umbo, nyingine zitaukaa mwili wako mwenyewe. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi ya thaimasi, ambayo zamani ilidhaniwa haina kazi ya maana, mpaka Jacques Miller alipoonyesha mwaka 1961 kwamba panya aliyeondolewa tezi hiyo mara tu anapozaliwa hana kinga ya kutosha. Seli T changa hupelekwa huko, zikaonyeshwa protini za mwili wenyewe. Inayozing'ang'ania sana hufa, isiyoweza kushika chochote hufa pia. Katika kila 100, hazizidi 5 zinazotoka hai. Baadhi ya zenye hatari huponyoka, na hapo ndipo yalipo mizizi ya magonjwa ambayo kinga huushambulia mwili wenyewe, kama kisukari cha aina ya kwanza.

Turudi kwapani. Ile seli moja iliyoshikana na antijeni ikaanza kugawanyika, mara kadhaa kwa siku. Uvimbe nilioushika ulikuwa ni umati wao. Baada ya siku nne au tano, nyingine zikawa viwanda vya antibodi, kila seli ikitoa maelfu kwa sekunde. Kidole kikaanza kupoa.

Na umati ukitawanyika, seli chache hubaki, zikimkumbuka mgeni. Mwaka 1846 surua ilizuka visiwa vya Faroe, kaskazini mwa bahari ya Atlantiki, ambako haikuonekana tangu 1781. Daktari kijana Mdenmarki, Peter Panum, alitumwa kule. Katika watu wapatao 7,800, kama 6,000 waliugua. Lakini wazee waliougua utotoni, miaka 65 nyuma, Panum hakumkuta hata mmoja wao aliyeugua tena. Leo tunajua seli zilizowalinda huishi miaka mingi kwenye uboho wa mifupa, zikitoa antibodi kimyakimya.

Jambo linaloniuma ni hili: surua hiyohiyo, inayoacha kumbukumbu ndefu hivyo juu yake yenyewe, hufuta kumbukumbu za magonjwa mengine. Virusi vyake huingia ndani ya seli za kumbukumbu na kuziua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwapima watoto wasiochanjwa kabla na baada ya kuugua, ukakuta wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za antibodi walizokuwa nazo. Mtoto anapona surua, kisha anaanza upya kuugua yale aliyokwisha kuyashinda. Waliochanjwa surua hawakupata hasara hiyo.

Nitaishia hapo, niyapokee maswali yenu.