Betri Kwanza, Diski Baadaye

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Yule aliyekuja na diski mpya, naona bado imo ndani ya karatasi yake. Asiifungue. Pengine kesho atairudisha dukani.

Maradhi ya seva zetu za nyumbani hapa Lamu, hizi kompyuta za kutunzia mafaili yetu, ni yale yale. Mashine imewaka miaka haijazimwa, usiku mmoja stima ikapotea, alfajiri ikarudi, seva haikuamka. Kila mtu husema imeungua. Hasha! Mara nyingi stima haikuunguza kitu, imefichua tu kilichokufa zamani.

Kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa mashine, mna betri ya kidonge, CR2032, ya volti 3. Hiyo hushika saa na mipangilio ya BIOS, programu inayoiamsha mashine, stima ikikosekana. Sasa sikizeni hapa: maadamu plagi imo ukutani, hata seva ikiwa imezimwa, saplai, kile kisanduku kinachoigawia mashine stima, hutoa volti 5 za akiba, na hizo ndizo hubeba mzigo. Betri haiulizwi neno. Yaweza kufa leo na usijue miaka mitatu. Ngoja stima ikatike usiku kucha, mashine ya zamani itaamka imesahau kila kitu.

Ikisahau, huwa nini? Mpangilio wa kujiwasha stima ikirudi umefutika. Seva inangoja kidole chako tu, bonyeza kitufe. Au imewaka, ikaona saa imepotea, ikaandika kwenye skrini kwamba ubonyeze F1 iendelee. Skrini gani? Seva yako imo kabatini, haina skrini wala kibodi. Itaingoja hiyo F1 mpaka kiyama, na wewe wasema imekufa! Au SATA, njia ya mashine kuongea na diski, ilikuwa kwenye mtindo wa AHCI, imerudi ule wa zamani wa IDE, mfumo hauioni diski yake. Hapo ndipo watu hukimbilia kuformati, yaani kuifuta diski, na picha za harusi zikaenda na maji.

Chomoa plagi. Bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde 10, stima iliyobaki ndani iishe. Toa betri, ipime kwa mita ya volti: ikisoma 3.0 au zaidi ni nzima, chini ya 2.8 itupe. Najua kuna atakayesema, "Mimi niliibadilisha juzijuzi." Vyema, tazama kikalio chake. Nyumba zetu zinakula chumvi ya bahari mchana na usiku. Ule ulimi wa chuma unaoigusa betri ukishaota ukoko wa kijani, hata betri ya leo asubuhi haitafaa. Sugua kwa mswaki mkavu, kisha spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, uache ikauke kabisa. Ndimu tuwaachie samaki, tafadhali.

Kisha azima skrini na kibodi kwa jirani. Weka tarehe, rudisha AHCI kama ndiyo iliyokuwapo, panga diski ya mfumo iwe ya kwanza, washa ule mpangilio wa kujiwasha, na uiambie BIOS isisimame kwa kukosa kibodi. Hili la mwisho husahauliwa na wote.

"Lakini feni zinazunguka, saplai ni nzima." Feni yataka volti 12 peke yake, bwana! Pima na waya mwekundu wa saplai: 5, isishuke chini ya 4.75. Wa chungwa: 3.3. Wa njano usipungue 11.4. Kepasita, kile kikopo kidogo kinachoshika stima, ikivimba kichwa haihitaji mita, macho yatosha.

RAM, vile vibao vya kumbukumbu: toa vyote, futa meno yake kwa spiriti ile ile, rudisha kimoja kimoja. Hayo mnayajua.

Diski ikigonga ta-ta-ta, zima. Usiiwashe tena "kuangalia tu". Nakili kwanza kwa ddrescue, programu ya kuokoa data, kwenye diski nyingine; fsck, ile ya kurekebisha mfumo wa mafaili, uifanyie nakala, si ile mgonjwa. Hapo, ndiyo, diski mpya ina kazi.

Haya, mwenye karatasi, lete seva yako hapa mezani. Nani ana mita?