Bunduki ninayo au sina? Jibu langu kwa watu wa Tanga

Assalaam alaykum, na wenzangu wa Tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni wakubwa zangu wote, kuanzia Ngamiani mpaka Sahare. Hapa Houston, Texas, Marekani, ni saa tano ya usiku, niko ndani ya gari nasubiri chakula cha mteja kitoke jikoni. Hiyo taa ya mgahawa ndiyo inayonipaka manjano, msije mkasema naumwa.

Leo najibu swali moja, maana mmeniuliza mpaka basi. Ati, bunduki unayo? Na kuna kijana wa mjomba, yuko Makorora, yeye kaniagiza kabisa nikija Idi nimletee bastola. Mwanangu, bastola si raba za mtumba. Nikitua nayo bila vibali, hiyo Idi tutaila rumande, mimi na wewe.

Sina. Na si kwamba nimezuiwa. Aliyekuja na viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi, labda awe na kitu kama leseni ya uwindaji. Mimi nina kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi huku moja kwa moja, naingia dukani, najaza fomu ya serikali kuu, muuzaji anawauliza FBI kama nina doa, na mara nyingi jibu linarudi kabla chai haijapoa. Bastola ya dukani sharti uwe na miaka 21. Kisha tangu Septemba 2021, hapa Texas mwenye umri huo ambaye sheria haijamkataza anatembea nayo bila leseni. Juzi niko foleni ya kulipia maziwa, mzee wa mbele yangu kaivaa kiunoni kama konda alivyoning'iniza funguo. Hakuna aliyegeuka.

Huko nyumbani maombi yako yanaanzia serikali ya mtaa, yapande polisi, yapite kamati za ulinzi na usalama, waulize unaitakia nini na majirani wanakuonaje. Inachosha, najua. Lakini mtu anayekufahamu anaulizwa. Huku anaulizwa kompyuta.

Sasa kwa nini sina. Kazi yangu ni kugonga milango ya watu nisiowajua, usiku, na sura yangu hii. Mtoto wa Tanga unafundishwa hodi kabla ya kufundishwa kusoma. Unapiga hodi, ukinyamaziwa unapiga tena, ya tatu unarudi. Huku niliacha hodi ya pili mwaka 2023. Kule Kansas City kijana wa miaka 16, Ralph Yarl, mtoto wa Waliberia, alitumwa kuwachukua wadogo zake nyumba ya watu. Barabara mbili zina namba ile ile, 115, moja inaitwa Street na nyingine Terrace. Akakosea. Akabonyeza kengele, mzee wa miaka 84 akampiga risasi ya kichwa, kijana akiwa bado nje ya mlango wa kioo. Alipona, alhamdulillah. Mzee alikiri kosa mwaka 2025, akafa kabla ya kuhukumiwa.

Sisi tuliokulia barabara za namba, nani hajawahi kuingia ya kumi na moja akidhani ni ya kumi na mbili? Unachekwa, unapewa maji ya kunywa, unaelekezwa.

Wengi wenu mnadhani Marekani ukimuona mtu uani kwako unamfyatulia, basi, sheria iko nawe. Si hivyo, na wala si hivyo hivyo kila jimbo. Texas kweli ni kali: kuna kifungu kinachoruhusu, kwa masharti, hata nguvu ya kuua kumzuia mwizi wa usiku asitokomee na mali. Mwaka 2007 hapo Pasadena, jirani na Houston, mwanamume mmoja aliwaona wezi wawili nyumba ya jirani yake. Akapiga simu ya dharura, akaambiwa abaki ndani, akatoka, akawaua wote wawili. Baraza la raia linaloamua nani ashitakiwe likasema hakuna kesi. Mimi sheria hiyo siipendi. Televisheni inanunulika tena.

Lakini nenda New York. Aprili 2023 vijana wanatafuta sherehe, wanaingiza gari njia ya nyumba siyo, wanageuza waondoke. Mwenye nyumba anafyatua, msichana wa miaka 20, Kaylin Gillis, anafariki. Huyo mwenye nyumba alikutwa na hatia ya mauaji, kifungo cha miaka 25 hadi maisha. Nyumba ilikuwa yake, ardhi yake, bunduki yake. Gari lilikuwa linaondoka.

Hapo kwenye kuondoka ndipo ninapotaka watu wa nyumbani mnisikilize, maana tunawashangaa sana Wamarekani. Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vinavyokifuata, inakupa haki ya kujitetea, kumtetea mwenzio, hata kutetea mali. Ila kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika tu. Kuua kunavumilika ukiwa na hofu yenye msingi kwamba wewe au mwingine atauawa, ataumizwa vibaya, atabakwa, atatekwa, na mambo ya uzito huo. Ukizidisha nguvu mtu akafa, ni kuua bila kukusudia, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Sheria haikuulizi ulishika bastola au mchi.

Nina ndugu yangu, simtaji, aliamka usiku akamkuta kibaka na redio mkononi. Kibaka akaidondosha, akapanda ukuta. Ndugu yangu akamfuata na panga, akamkata mguu wakati kibaka keshaning'inia upande wa pili. Mtaa mzima ulimsifu mpaka asubuhi. Asubuhi akachukuliwa, kesi ya kujeruhi, na mke wake akauza cherehani kutafuta wakili. Alichoulizwa mahakamani ni kimoja tu: kibaka alikuwa anakuja au anakwenda?

Na hao tunaowazunguka tukipiga kelele za mwizi, tairi shingoni, yule anakwenda wapi? Watu hamsini kwa mmoja, nani hapo anajitetea? Kesi yake inaitwa mauaji, jamani, hata kama hakuna aliyekuwa na bunduki.

Na wewe wa Makorora unayesema bastola itakulinda, kumbuka Februari 2015, risasi zilivyorindima Amboni kule mapangoni, wahalifu wenye silaha wakisakwa. Msako ule ulianzia kwa askari walioporwa bunduki zao hapo hapo mjini. Askari, wamefunzwa, wako wawili. Wewe ungeificha wapi, chini ya godoro, na watoto wale wanavyopekua?

Haya, oda imetoka. Biriani ya Wahindi, inanukia gari zima. Nikifika nawasha taa ya ndani wanione uso, naweka mfuko mlangoni, nabonyeza kengele mara moja, narudi hatua tano mikono ikiwa wazi. Hodi yenyewe naisemea moyoni.