Kufungasha Biblia ya Kiswahili kwa Debian na Fedora, Hatua kwa Hatua

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Na kwa Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Karibuni. Leo tunachukua maandiko ya Biblia ya Kiswahili yaliyo kwenye mafaili ya kawaida, tunayageuza kuwa moduli ya SWORD (mkusanyo wa mafaili ambao programu za Biblia huweza kuusoma), kisha tunayafungasha ili mtu wa Linux ya Debian au Ubuntu ayasakinishe kwa apt, na mtu wa Fedora kwa dnf. Fungua terminali, twende pamoja.

Kwanza elewa vitu vilivyopangana. Chini kabisa iko maktaba ya SWORD, iliyoandikwa kwa C++ na kutunzwa na CrossWire Bible Society chini ya leseni huria ya GPL. Juu yake ndipo zinapokaa programu tunazoziona: Xiphos, ambayo hadi 2009 ilikuwa ikiitwa GnomeSword, BibleTime, iliyojengwa kwa Qt, na diatheke, ambayo haina dirisha, inafanya kazi hapahapa kwenye terminali. Maandiko hayamo ndani ya programu hizo. Kila tafsiri ina moduli yake pembeni. Ukiitengeneza moduli moja sawasawa, zote tatu zitaisoma, na AndBible kwenye simu itaisoma pia. Mwalimu wa shule ya Jumapili asiye na bando ataifungua bila intaneti. Ndiyo maana nasisitiza tuifanye kazi hii kwa uangalifu, maana tukikosea mara moja, kosa linasafiri mpaka kwa watu tusiowajua.

Hatua ya kwanza ni haki, na usiiruke. GPL ya programu haigusi maandiko. Tafsiri ya Muungano ya 1952, ambayo wengi wetu tumekua nayo, ina wenyewe, yaani Vyama vya Biblia. Huwezi kuifungasha na kuisambaza kwa sababu tu umeikuta mahali kwenye mtandao. Tafuta tafsiri ambayo haki zake zimekwisha muda, au ambayo wenyewe wameitoa kwa leseni ya Creative Commons inayoruhusu kunakili na kurekebisha. Soma leseni yote. Ikisema isitumike kibiashara, Debian hawataiingiza kwenye sehemu yao kuu. Na kama unaona mwenye haki anafikika, mwandikie. Barua moja ya ruhusa ina thamani kuliko moduli kumi za kujificha.

Sasa vifaa. Kwenye Debian na Ubuntu:

sudo apt install libsword-utils diatheke xiphos

Kwenye Fedora majina ya vifurushi hutofautiana, kwa hiyo usikisie, uliza mfumo wenyewe ni kifurushi gani chenye chombo tunachokitaka:

dnf provides '*/osis2mod'

Utajibiwa jina, nawe utalisakinisha.

Hatua inayofuata ni maandiko. Watafsiri wengi huhifadhi kazi yao kwa USFM, mafaili ya maandishi yenye alama kama \c 3 kwa sura na \v 16 kwa aya. SWORD inapenda OSIS, ambayo ni XML. Kuna hati ya Python iitwayo usfm2osis inayogeuza moja kuwa nyingine. Ukimaliza, hakikisha XML yako haijavunjika (swamfano ni jina la mfano tu, weka la kwako):

xmllint --noout swamfano.osis.xml

Ikinyamaza, uko salama. Ikilalamika, nenda kwenye mstari inaoutaja. Mara nyingi ni alama ya tanbihi iliyofunguliwa bila kufungwa. Rekebisha kwenye USFM, si kwenye OSIS, kisha geuza upya.

Sasa tunajenga moduli. Andika hivi:

mkdir -p modules/texts/ztext/swamfano
osis2mod modules/texts/ztext/swamfano swamfano.osis.xml -v KJV -z z

Ikishamaliza, usikimbilie mbele. Pandisha skrini juu usome ilichoandika. Hapa ndipo moduli nyingi huharibika kimyakimya. Ona mstari huu unaoanza na INFO(V11N): unasema 3John.1.15 haimo kwenye mpangilio wa aya wa KJV, yaani Biblia ya Kiingereza ya King James, kwa hiyo maneno yake yamebandikwa kwenye aya ya 14. Moduli imejengwa, programu itaifungua, hakuna atakayeona kosa. Lakini msomaji akitafuta Yohana wa Tatu aya ya 15 hataipata, na aliyeandika mahubiri akinakili aya ya 14 atapata aya mbili kwa pamoja.

Sababu ni kwamba tafsiri hazihesabu aya sawa. King James inaishia aya ya 14 katika waraka ule. NRSV, tafsiri nyingine ya Kiingereza, inafika 15. Ufunuo sura ya 12 nayo King James ina aya 17, NRSV ina 18. SWORD ina mipangilio kadhaa, ikiwamo ya Kikatoliki na ya Sinodi ya Kirusi. Jaribu kwa -v NRSV badala ya KJV, ujenge tena, usome ujumbe tena. Mpangilio unaofaa ni ule unaokupa malalamiko machache kabisa, na yale machache yanayobaki uyakague moja baada ya jingine ukiwa na kitabu cha karatasi mkononi. Inachosha, najua. Lakini haya ni maandiko watu wanayoyaamini, wanayoyasoma msibani na harusini. Hayastahili aya iliyopotea.

Baada ya hapo tengeneza folda mods.d, na ndani yake faili swamfano.conf:

[SwaMfano]
DataPath=./modules/texts/ztext/swamfano/
ModDrv=zText
SourceType=OSIS
Encoding=UTF-8
CompressType=ZIP
BlockType=BOOK
Lang=sw
Versification=NRSV
Version=1.0
DistributionLicense=Public Domain

Ongeza Description na About kwa Kiswahili fasaha: nani alitafsiri, mwaka gani, maandiko umeyatoa wapi. Versification lazima ifanane na ile uliyoitumia kujengea. Zikipishana, aya zitahama. Na DistributionLicense si mahali pa kujiandikia upendavyo. CrossWire wana orodha ya maneno yanayokubalika, uyanakili jinsi yalivyo.

Tujaribu:

export SWORD_PATH=$PWD
diatheke -b SwaMfano -k "John 3:16"

Aya imetoka kwa Kiswahili. Lakini umeona tumelazimika kuandika John? Angalia ndani ya /usr/share/sword/locales.d kama mfumo wako una faili la sw. Likikosekana, au likiwa na mapengo, hapo ndipo unapoweza kuwasaidia Waswahili wote kwa mkupuo. Faili lenyewe ni maandishi matupu. Sehemu ya [Meta] ina Name=sw. Sehemu ya [Text] inatafsiri majina ya vitabu: Genesis=Mwanzo, Acts=Matendo, Revelation of John=Ufunuo. Kisha inakuja [Book Abbrevs], na hii ndiyo inayotaka akili.

SWORD huchukua herufi ulizoandika, ikazilinganisha na mwanzo wa kila neno lililo kwenye orodha kwa mpangilio wa alfabeti, na la kwanza linalolingana ndilo linaloshinda. Sisi tuna Yoeli, Yohana, Yona na Yoshua, vyote vinaanza na Yo. Mtu akiandika Yo tu atapelekwa Yoeli, kumbe alitaka Injili. Mkatoliki akiandika Yohane, na orodha ina YOHANA peke yake, hatapata kitu, kwa sababu herufi ya mwisho imekataa. Kwa hiyo andika zote, kwa herufi kubwa:

YO=John
YOELI=Joel
YOHANA=John
YOHANE=John
YONA=Jonah
YOSHUA=Josh

Fanya vivyo hivyo kwa vitabu vyenye namba, na kwa vifupisho ambavyo watu huviandika pembeni mwa daftari zao: MT, MK, LK, MDO, RUM, EBR, UFU. Waulize wazee wa kanisa, waulize makatekista. Kila dhehebu lina mazoea yake, na yote yaenee humu. Kwa kujaribu, liweke faili hilo kwenye locales.d ndani ya folda yako ya kazi, uendeshe diatheke ukiongeza -l sw, safari hii kwa "Yohane 3:16".

Tumefika kwenye kufungasha. Wengi huchukua moduli iliyokwisha jengwa wakaisukumiza ndani ya kifurushi. Mimi sikubaliani na njia hiyo. Faili la moduli kama nt.bzz haliwezi kusomwa na mtu wala kurekebishwa. Weka OSIS ndani ya kifurushi chanzo, moduli ijengwe wakati wa kufungasha, ili atakayekuja baada yako aweze kusahihisha herufi moja na kujenga upya.

Kwenye Debian tengeneza folda debian yenye control, changelog, copyright, install na rules. Ndani ya control weka Build-Depends: debhelper-compat (= 13), libsword-utils. Weka Architecture: all, na Enhances: xiphos, bibletime. Jina la kifurushi liwe sword-text-swamfano, kama vilivyo vifurushi vingine vya aina hii. Faili la rules ni hili tu:

#!/usr/bin/make -f
%:
	dh $@

override_dh_auto_build:
	mkdir -p modules/texts/ztext/swamfano
	osis2mod modules/texts/ztext/swamfano swamfano.osis.xml -v NRSV -z z

Nafasi iliyo mwanzoni mwa mistari hiyo ni ya kitufe cha Tab. Ukitumia kitufe cha nafasi, make itakukatalia. Kwenye install elekeza mods.d na modules ziende usr/share/sword. Halafu:

dpkg-buildpackage -us -uc
lintian ../*.changes

Lintian ni mkaguzi wa vifurushi. Kila inalosema lisome, hasa la copyright.

Fedora ni jambo lilelile kwa mavazi mengine. Kwenye faili la spec andika BuildArch: noarch, na kwa mahitaji ya ujenzi andika BuildRequires: /usr/bin/osis2mod. RPM inakubali kutajiwa faili badala ya kifurushi, na kwa hapa hilo linatuepusha na tofauti ya majina tuliyoiona mwanzoni. Jenga kwa mock, inayojengea kwenye mazingira safi yaliyotengwa, ili ujue kifurushi hakitegemei kitu kilichojificha kwenye mashine yako. Wa Arch wanahitaji PKGBUILD yenye arch=('any'), mistari michache tu.

Kabla ya kujaribu kifurushi, ondoa SWORD_PATH kwa unset, na ufute nakala yoyote uliyowahi kuiweka kwenye ~/.sword, la sivyo utafurahia kuona moduli inafunguka kumbe unasoma ile ya majaribio. Sakinisha, fungua Xiphos, nenda Yohana wa Tatu 15.

Lililobaki ni kupeleka kazi. Moduli na conf yake, pamoja na OSIS, wapelekee CrossWire. Faili la sw nalo liende kwao, lisibaki kiraka (rekebisho linalobandikwa juu ya msimbo) ndani ya Debian peke yake, kwa sababu Fedora, openSUSE na Arch hawasomi viraka vya Debian. Tafsiri ya menyu za Xiphos iko kwenye folda po ya msimbo wake huko GitHub. Ya BibleTime iko kwenye mafaili ya ts. Kama toleo jipya linachelewa na watumiaji wanaumia, hapo weka kiraka kwenye debian/patches, na kichwani mwake andika Forwarded: ikifuatwa na anwani ya mahali ulipokipeleka kwa watunzaji. Wakishakipokea na toleo likatoka, kifute kwenye debian/patches, uandike kwenye changelog kwamba umekifuta, ujenge upya.