Andika lengo lako kama deni

Hamjambo, karibuni tena. Leo niko mezani kwangu hapa Manyatta, Kisumu. Ukisikia boda zikipiga honi, nivumilie, barabara haijui kwamba narekodi.

Kwanza tafuta daftari. Langu ni hili la kurasa 96. Programu za simu nimezijaribu, lakini nikifungua simu niandike lengo, nakuta ujumbe wa chama, najibu, na lengo linasahaulika.

Andika tarehe ya leo juu ya ukurasa, kisha mwaga kila unachotaka: shamba, leseni ya udereva, kumaliza kozi, kupatana na ndugu yako. Usichuje. Simamisha video hapa, chukua dakika kumi.

Umerudi? Zungushia kimoja. Ndiyo, kimoja. Mwaka jana nilizungushia vitano, hata kimoja hakikufika.

Sasa tega sikio. Umeona daftari la madeni la mwenye duka? Haandiki "fulani atalipa akijaliwa." Anaandika jina, kiasi na siku. Fungua ukurasa mpya nawe uandike hivyo. Si "nataka kuwa fundi wa nguo." Tazama langu: "Nadaiwa cherehani, shilingi 18,000, wiki 52." Bei usiikisie. Mimi nilienda Kibuye Jumapili, soko limefurika, nikauliza wauzaji watatu. Gawa 18,000 kwa 52, unapata 346 na ushei. Nikaandika 350 kila wiki.

Kama lengo lako si la pesa, deni liwe kitendo: kurasa kumi za kozi, au simu moja kwa huyo ndugu.

Chini yake chora visanduku 52, safu nne za visanduku 13. Kila safu ni miezi mitatu. Jumapili jioni, ukiwa umelipa, tia alama. Ukikosa, usirarue ukurasa na usiache kisanduku kitupu. Andika sababu kwa neno moja: mvua, ugonjwa, uvivu. Usijidanganye, hakuna anayesoma ila wewe.

Safu ikijaa, soma sababu zako. Mimi nilikuta "matanga" mara nne kwenye safu ya kwanza. Kumbe nilikuwa najilaumu bure kwamba mimi mvivu, na pesa zilikuwa zinaenda kwenye michango. Na huku kwetu, utakataaje kuchangia? Nikashusha 350 hadi 300, nikaongeza wiki chini ya ukurasa. Mwenye duka naye huongeza muda, mradi deni halifutwi.

Daftari liweke unapopita. Langu linaning'inia kwenye msumari karibu na mlango, pamoja na funguo. Watoto wamechora samaki kwenye jalada, sawa tu.

Kisanduku cha leo bado kiko wazi. Ngoja niweke hizo 300 kwenye akiba kabla stima haijapotea.