Medali ya babu wa KAR: jinsi ya kuisoma kabla hujainunua wala kuiuza

Karibuni. Hii hapa mezani ni medali ya fedha ambayo Waingereza walianza kuitoa mwaka 1902 kwa waliopigana vita vyao barani Afrika. Wazee wengi wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) waliivaa.

Anza kwa kunawa mikono na kuikausha. Shika medali pembeni, usiguse uso wake. Na tafadhali, usiisugue! Steelwool na dawa ya kung'arisha hula maandishi, na maandishi ndiyo mali yenyewe.

Tazama utepe: njano, kingo nyeusi, mistari miwili myembamba ya kijani. Utepe hubadilishwa kirahisi, kwa hiyo usiutegemee. Tegemea kipande cha fedha kilicholala juu yake, chenye jina la vita. Hiki kimeandikwa KENYA, yaani Hali ya Hatari wakati wa vita vya Mau Mau, Oktoba 1952 hadi Novemba 1956. Sasa angalia kichwa kilichochongwa. Medali yenye KENYA peke yake inapaswa kuwa na Malkia Elizabeth. Ukiona mfalme, usitoe pesa kwanza. Ile ya SOMALILAND 1902-04 ndiyo huwa na Mfalme Edward wa Saba.

Hatua inayofuata ni ukingo, na hapa usiwe na haraka. Weka taa ubavuni, chukua lenzi, zungusha medali polepole. Herufi zinajitokeza: namba, cheo, jina, kisha K.A.R. na namba ya batalioni. Miaka hiyo ya hamsini, 3 na 5 ni Kenya, 4 Uganda, 6 Tanganyika. Jina likikushinda, lisome kwa sauti mbele ya mzee wa upande huo, maana makarani waliandika walivyosikia. Halafu pima upana wa medali kwa vernier (kipimo cha milimita chenye taya) sehemu kadhaa. Kawaida ni kama milimita 36. Ukikuta pamebonyea palipo na jina, huenda jina la kwanza lilipigwa tupa likaandikwa lingine.

Jina likishasomeka, itafute familia kabla ya kumtafuta mnunuzi. Omba kuona cheti cha kuachishwa jeshi, piga picha, andika anachokumbuka mjane au mtoto. Kwa hii ya KENYA, uliza pia habari za ndugu waliokuwa msituni na Mau Mau au kizuizini katika kambi ya Manyani. Nyumba moja ingeweza kuwa na askari wa KAR na mtu wa msituni, na mkusanyaji anayeacha upande mmoja amekusanya chuma tu.

Mwisho, ihifadhi katika bahasha ya karatasi, pakavu, pamoja na maelezo yake. Usitumie plastiki laini, na kama mzee alikuwa na medali kadhaa, usizitenganishe.