Kabla Ulinganishe Kilo za Simba, Uliza Alikula Lini

Hamjambo nyote, na asanteni kwa kukuja, najua Jumamosi hapa Nairobi kila mtu ana mambo yake na hii mvua imefanya jam kila mahali, basi wacha niingie kwa maneno moja kwa moja.

Kila mara nikisema mimi husaidia madaktari wa wanyamapori kupima simba, swali la kwanza huwa ni lile lile: ni ukweli simba wa Afrika Kusini ni wakubwa kuliko wetu? Na watu huuliza wakiwa na uchungu kidogo, kama vile tumeambiwa watoto wetu ni wadogo kuliko wa jirani. Namba zenyewe ziko hivi. Dume mzima wa kusini mwa Afrika kwa wastani ni karibu kilo 189, wa huku Afrika Mashariki ni karibu kilo 175. Majike ni kama 127 kule na 120 huku. Wale wa msitu wa Gir kule India, madume ni kati ya 160 na 190. Kwa hivyo ndio, kwa karatasi wa kusini wanatushinda, dume kwa dume, kilo 14 hivi.

Sasa hizo kilo 14 ndizo nataka tukae nazo leo.

Simba dume mwenye njaa akipata nyati anaweza kula kilo 30 za nyama kwa mlo mmoja, na wengine huenda zaidi. Hebu fikiria vizuri. Simba ule ule, mizani ile ile, Jumatatu ni kilo 165 na Jumatano ni 195, na hajanenepa hata kidogo, ni nyama tu imekaa tumboni. Tofauti ya mlo mmoja ni mara mbili ya tofauti yote ya kusini na mashariki! Ukienda soko la Burma hapa Nairobi kununua nyama na muuzaji aache kidole kwa mizani utapiga kelele, lakini kwa simba watu wanasoma kilo na hawaulizi tumbo lilikuwa na nini.

Na kumpima simba si kazi ya dakika mbili. Daktari anampiga na mshale wa dawa, mnangoja alale, mnamfunika macho kwa kitambaa kwa sababu hulala macho yakiwa wazi na jua litamuumiza, alafu mnamsukuma juu ya turubai, watu sita au saba mnainua, mizani inaning'inia kwa mti ama kwa nguzo tatu. Nimeshika kona ya hiyo turubai, na dume mwenye ameshiba unamjua kabla mizani haijasema, tumbo linamwagika upande kama gunia la maharagwe, mikono yako yenyewe inakwambia. Mimi naona namba yoyote ambayo haijaandikwa hali ya tumbo ni nusu ya habari.

Kitu kingine ni umri. Dume wa miaka mitatu ukimwona kwa mbali utasema huyu ni mzee wa boma, lakini bado anajenga mwili, ataendelea kuongeza hadi apite miaka mitano, sita. Ukiweka vijana wengi kwa hesabu yako wastani unashuka, ukitoa vijana unapanda, na simba wenyewe hawajabadilika. Alafu uangalie pia nani alichagua wa kupimwa. Mwindaji hutafuta mkubwa, si wa kawaida, kwa hivyo namba za enzi za uwindaji, ule ambao hapa Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977, zinaegemea upande mmoja. Na hata baada ya marufuku, kuna dume alipigwa risasi karibu na Mlima Kenya mwaka 1993 akapimwa kilo 272, na watu humtumia kusema simba wa mlimani ni majitu. Huyo ni simba mmoja. Mtu mmoja mrefu akitoka kijiji chenu haimaanishi kijiji chote ni warefu.

Mnakumbuka wale simba wawili wala-watu wa Tsavo, wa mwaka 1898 wakati wa kujenga daraja la reli? Patterson, mhandisi wa hilo daraja, aliwaua, na kwa maelezo yake wa kwanza alibebwa na watu wanane kupelekwa kambini, na kutoka pua hadi ncha ya mkia alikuwa karibu mita 3. Lakini ukienda kuwaona leo huko Field Museum, Chicago, wanaonekana wadogo, na watu wanarudi wakisema aah, ni hawa tu? Ngozi zao zilikaa miaka 25 zikiwa mazulia ya sakafuni, zikakatwa kingo, ndio baadaye zikajazwa tena kuwa simba. Mwili uliopunguzwa na makasi ndio tunatumia kuhukumu ukubwa wao. Hii huniuma kusema kweli.

Sasa, sisemi hakuna tofauti kabisa. Iko, na mimi naamini kubwa inatoka kwa chakula. Serengeti nyumbu wako zaidi ya milioni moja lakini wanahama, na kundi la simba lina eneo lake na haliwezi kuwafuata mwaka mzima, kwa hivyo kuna miezi ya kushiba na kuna miezi unahesabu mbavu. Ngorongoro ni jirani tu wa hapo, lakini ndani ya kreta, lile shimo kubwa la volkano, wanyama wengi hawaondoki. Gir simba anategemea sana chital, mnyama wa madoadoa anayefanana na swala, ambaye nyama yake haifiki popote karibu na nyati. Na mnajua mwaka 2017 wataalamu waliweka simba wa mashariki na wa kusini kwa kikundi kimoja? Basi si ati ni kabila tofauti, ni ndugu wenye wanakula meza tofauti.

Kuna mama hapo nyuma ameuliza, bila kumlaza huyo mnyama mtu atajuaje? Kilo kamili hutazipata mama. Akishalala hata bila mizani unaweza kukadiria, unazungusha utepe kifuani vile wafugaji wa Githunguri hupima ng'ombe, kifua kinaeleza uzito vizuri kuliko urefu. Lakini ukiwa kwa gari pale Nairobi Park, ngoja asimame, umtazame kwa ubavu, uangalie ule mstari wa tumbo mbele ya mguu wa nyuma. Ukiwa umeingia ndani, huyo hajala siku kadhaa. Ukiwa umeshuka chini ya kifua, amekula jana ama leo. Watafiti hupatia tumbo alama kutoka 1 hadi 5 hivyo hivyo, wakiwa wamekaa kwa gari, na mimi kwa daftari langu hiyo alama naiandika kwanza, kabla ya kilo.